Kukinga Mvua na Kusaga Nafaka: Kompyuta Inapogeuza Video

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Kompyuta, kwa upande wake, hushika mambo mengi kwa wakati mmoja, na kwa kawaida halimponyoki mwenyewe hata moja. Mwanafunzi huandika insha huku akisikiliza muziki, kivinjari kikiwa na kurasa ishirini, na programu ya kukinga virusi ikipekua mafaili kimyakimya. Lakini akiiagiza kompyuta hiyohiyo igeuze video ya saa moja, mambo hubadilika. Feni huvuma. Kipanya husitasita. Muziki hukatikakatika. Mara nyingine programu ya kugeuza hujifunga yenyewe na kuacha faili lisilofunguka.

Wanachama wengi wametuuliza swali moja: je, ni lazima kufunga programu nyingine zote wakati wa kugeuza video? Wapo wanaofunga kila kitu na kukaa mbali na mashine kana kwamba kuna mgonjwa chumbani. Wapo wasiofunga chochote, kisha wakalaumu kompyuta. Sisi tumejifunza kwamba jibu linategemea ni kazi gani hasa inayofanyika, kwa sababu kile tunachokiita kwa jumla “kugeuza video” ni kazi mbili, na kila moja ina hatari yake.

Kazi yetu ya Evere

Evere ni mojawapo ya manispaa 19 zinazounda eneo la jiji la Brussels, upande wa kaskazini-mashariki. Sisi wanachama tunaoishi pande hizo hukutana siku za Jumamosi katika chumba cha mwenzetu mmoja, tukiwa na deki mbili za kanda, televisheni ndogo ya zamani na kompyuta mpakato mbili ambazo si mpya. Tunanakili kanda za video za familia za wasemaji wa Kiswahili. Kanda nyingi zinatoka kwa watu wa Lubumbashi, Bukavu na Goma. Nyingine kwa watu wa Bujumbura, Mombasa na Dar es Salaam. Ndani yake mna harusi, ubatizo, matanga, hotuba za wazee na hadithi zilizosimuliwa sebuleni.

Mama mmoja alituletea kanda moja tu. Ndani yake marehemu mumewe anawausia watoto wao kabla ya safari. Mama alitueleza, akituita “batoto” kama wafanyavyo wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo, kwamba sura ya mzee anayo katika picha nyingi ukutani. Sauti yake imo katika kanda hiyo tu.

Kwa familia, hiyo ni sauti ya baba. Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, kanda kama hizo ni ushahidi wa lugha ilivyosemwa nyumbani na watu wa kawaida, bila kuandaliwa kwa ajili ya mtafiti. Na muda umekwenda. Kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za video za VHS, iliacha kuzitengeneza mwezi Julai 2016. Mwaka 2019 UNESCO, pamoja na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na video kinachojulikana kama IASA, walitoa tahadhari kwamba kanda za sumaku zihamishwe katika mfumo wa dijitali mapema, kwa sababu mashine za kuzichezea zinatoweka. Kanda yenyewe huchakaa kila inapochezwa, na kanda ya zamani inaweza kukatika ikiwa ndani ya deki. Huenda isichezeke mara ya pili.

Ndiyo maana kasi na uthabiti wa kompyuta si suala la starehe kwetu.

Kazi mbili, hatari mbili

Kazi ya kwanza ni kunasa. Deki inacheza kanda, waya unapeleka picha na sauti kwenye kifaa kidogo kilichochomekwa katika kompyuta, na kompyuta inaandika inachopokea kwenye diski. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio uliotumika Ubelgiji, Kenya na Tanzania, kanda hutoa fremu 25 kila sekunde. Maana yake kila fremu ina milisekunde 40 tu za kupokewa na kuhifadhiwa kabla ya nyingine kufika. Kanda ya saa moja ina fremu 90,000.

Deki haijui kwamba kompyuta ina shughuli. Inazungusha kanda kwa mwendo wake uleule. Kwa hiyo programu ya kunasa hutenga sehemu ya kumbukumbu iitwayo bafa, ambamo fremu husubiri zamu yao ya kuandikwa. Diski ikichelewa kwa sekunde moja, fremu 25 zitakuwa zimejipanga hapo. Bafa ikijaa, zinazofuata hutupwa. Kazi hii inafanana na kukinga maji ya mvua chini ya paa. Ndoo ikijaa wakati mtu ameitwa jikoni, maji yanayomwagika hayarudi, na mvua haitasimama kumsubiri.

Kazi ya pili ni kugeuza kwenyewe. Faili lililonaswa ni kubwa mno kutumiana. Video ya mfumo wa DV, kwa mfano, huchukua takribani gigabaiti 13 kwa saa. Programu ya kugeuza hulisoma faili hilo, huifungua kila fremu, huilinganisha na zilizo jirani nayo, na huandika faili jipya dogo kwa kanuni kama ile ya H.264, iliyopitishwa mwaka 2003. Ukubwa hupungua kwa sababu kinachohifadhiwa zaidi ni mabadiliko. Mzee akiwa ameketi, ukuta ulio nyuma yake hauandikwi upya mara 25 kila sekunde. Huandikwa kilichosogea, yaani mkono, midomo, kivuli. Kutafuta kilichosogea na kilikosogea ndiko kunakochosha kompyuta.

Kazi hii haifanani na mvua. Inafanana na kusaga nafaka. Hapa Evere kuna kinu cha zamani kilichojengwa mwaka 1841. Kilianza kwa nguvu ya upepo, baadaye kikaendeshwa kwa mvuke, kisha kwa umeme, na leo ni makumbusho. Siku ya upepo hafifu, unga ulitoka polepole, lakini nafaka ilisubiri guniani na unga ulikuwa unga uleule. Kugeuza faili lililokwisha kuhifadhiwa ni vivyo hivyo. Fremu inayofuata inasubiri kwenye diski mpaka kompyuta iifikie.

Kutokana na tofauti hiyo tunaweza kuondoa dhana moja iliyoenea. Wapo wanaoamini kwamba wakivinjari mtandao huku video inageuzwa, picha itatoka mbovu. Sivyo. Kwa mipangilio ileile, kompyuta iliyoelemewa hutoa faili lenye ubora uleule kama kompyuta iliyopumzika. Kinachoongezeka ni saa za kusubiri. Picha huharibika kwa kuelemewa pale kompyuta inapokuwa inanasa.

Na kuharibika huko si kwa macho pekee. Fremu zikitupwa na programu isipoziba pengo, picha na sauti huachana: fremu 25 zikipotea, midomo hutangulia sauti kwa sekunde nzima. Bafa ya sauti nayo ikifurika, vipande vya sauti hupotea. Wanaosoma sarufi wataona uzito wake haraka. Mzee akisema “hawatarudi” na silabi ya kwanza ikapotea, mjukuu atasikia “watarudi”. Hakuna programu ya kurekebisha itakayojua kwamba kulikuwa na “ha”.

Vitu vinne vinavyogombaniwa

Programu mbili zinapofanya kazi pamoja hugombania vitu ambavyo mashine inavyo kwa kipimo. Sisi huvihesabu vinne.

Cha kwanza ni kichakataji, yaani sehemu inayofanya hesabu zote. Mfumo endeshi huigawia kila programu zamu fupi sana, za milisekunde chache, hata mtumiaji akadhani zote zinakwenda kwa pamoja. Programu ya kugeuza hupenda kutumia kichakataji chote, na hilo si kosa, ndivyo ilivyoundwa. Tuchukulie kwamba ikiwa peke yake inamaliza kazi kwa dakika 60. Programu nyingine ikichukua robo ya kichakataji muda wote, kazi itabaki na robo tatu, na itamalizika kwa dakika 80. Hiyo ni hasara ya dakika 20, na hasara yenyewe inaishia hapo.

Hapa yafaa kusema kwamba programu iliyofunguliwa si lazima iwe inafanya kazi. Hati ya insha iliyo wazi bila kuguswa haili karibu chochote cha kichakataji. Ukurasa mmoja wa kivinjari unaocheza matangazo yenye picha zinazotembea unaweza kula zaidi ya hati kumi. Kwa hiyo badala ya kufunga kwa kubahatisha, tuangalie kwanza. Katika Windows, vibonye Ctrl, Shift na Esc vikibanwa pamoja hufungua Task Manager; katika Mac kuna Activity Monitor; katika Linux kuna amri iitwayo top. Zote huonyesha nani anakula nini.

Cha pili ni kumbukumbu, ile RAM ambamo programu huweka vitu vinavyotumika sasa hivi. Hiki ni cha hatari zaidi kuliko kichakataji, kwa sababu kikipungua hakigawiki kwa ustaarabu. Kumbukumbu inapojaa, mfumo endeshi huhamishia sehemu yake kwenye diski ili kupata nafasi, kisha huirudisha inapohitajika. Diski ni ya polepole mara nyingi kuliko kumbukumbu, kwa hiyo mashine huanza kushinda ikihamisha mizigo badala ya kufanya kazi. Hapo ndipo kipanya kinapoganda. Hali ikizidi, Linux huchagua programu moja na kuiua ili iokoe nyingine, na mara nyingi anayeuawa ni yule aliyekula zaidi, yaani programu ya kugeuza. Katika Windows, programu inayoomba kumbukumbu ikakosa mara nyingi hujifunga. Kwenye kompyuta yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, kivinjari chenye kurasa nyingi kinatosha kutufikisha huko.

Cha tatu ni diski. Kunasa video bila kuibana ni mzigo mkubwa. Picha ya PAL yenye nukta 720 kwa 576, kila nukta ikichukua baiti 2, mara fremu 25, ni takribani megabaiti 21 kwa sekunde, au gigabaiti 75 kwa saa. Diski ya sahani zinazozunguka inaweza kuandika hivyo ikiachwa peke yake. Lakini ikiwa wakati huohuo programu ya kukinga virusi inapekua mafaili, na programu ya kuhifadhi vitu mtandaoni imeona faili jipya linakua na inajaribu kulipakia, kichwa cha diski hukimbia huku na huko na uandishi huchelewa. Diski za kisasa zisizo na sahani hustahimili vizuri zaidi, ingawa nazo zina kikomo.

Cha nne ni joto, na watu hulisahau kwa sababu halionekani kwenye orodha ya programu. Kichakataji kinachofanya kazi kwa nguvu zote kwa saa nzima hupata moto. Kikifikia kiwango fulani hupunguza mwendo wake chenyewe ili kisiungue, na kikizidi kabisa mashine hujizima. Kila programu ya ziada huongeza kuni. Wenzetu walioko Mombasa au Dar es Salaam, ambako chumba kinaweza kuwa na nyuzi 30 na zaidi mchana, wana nafasi ndogo ya kupoza kuliko sisi tulio Evere mwezi Januari. Kompyuta mpakato iliyowekwa juu ya godoro, matundu yake yakiwa yamezibwa, itakwenda polepole hata kama hakuna programu nyingine iliyofunguliwa.

Kuchelewa na kukatika

Tukiviweka vinne hivyo pamoja, tunaona kwamba programu nyingine huleta madhara ya aina mbili. La kwanza ni kuchelewa, na kuchelewa hulipwa kwa subira. La pili ni kukatika, na hilo laweza kutugharimu kazi nzima.

Aina ya faili huchangia sana hapa. Faili la MP4 kwa kawaida huandikiwa fahirisi yake mwishoni, yaani orodha inayosema kila fremu iko wapi. Programu ikijifunga dakika ya 58, au umeme ukikatika, fahirisi haijaandikwa. Picha zote zimo ndani ya faili, lakini vichezeshi vingi vitakataa kulifungua. Faili la aina ya MKV huandikwa kwa namna inayovumilia zaidi. Likikatwa, sehemu iliyokwisha kuandikwa kwa kawaida huchezeka. Ndiyo sababu sisi hunasa kwa MKV au kwa DV, na MP4 tunaitengeneza mwishoni kutoka kwenye faili lililo salama. Kwa wanachama walio katika miji ambako umeme hukatika bila taarifa, hili lina faida kubwa kuliko kufunga programu kumi.

Kuna kukatika kwingine ambako programu nyingine husingiziwa. Diski nyingi ndogo za flashi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufikia gigabaiti 4. Anayeandika video moja kwa moja kwenye flashi ya namna hiyo ataona kazi inakatika mahali palepale kila mara, hata akifunga kila kitu. Akirudia mara tatu na ikakatika kwenye ukubwa uleule, aangalie flashi kabla ya kulaumu kivinjari.

Somo kutoka kwa ndege

Ukipanda tramu namba 62 kupitia Evere mpaka mwisho wa njia, utashuka kwenye kituo kiitwacho Eurocontrol, mpakani mwa Evere na Haren. Hapo ndipo yalipo makao makuu ya shirika la Ulaya la usalama wa safari za anga, lililoanzishwa kwa mkataba wa mwaka 1960. Moja ya kazi zake ni kusimamia msongamano wa ndege angani. Eneo fulani la anga likielemea kujaa, hazirushwi ndege zote kisha zikazunguka juu zikisubiri. Baadhi hupewa saa ya kuruka iliyosogezwa mbele, zikasubiri chini, ambako kusubiri hakuna hatari na hakumalizi mafuta.

Mfumo endeshi wa kompyuta una uwezo unaofanana na huo, na wengi wetu hatuutumii. Kila programu ina kipaumbele. Tukishusha kipaumbele cha programu ya kugeuza, itatumia kichakataji chote pale ambapo hakuna anayekihitaji, na itapisha mara moja tunapoandika au kufungua barua pepe. Katika Linux na Mac amri yake huitwa nice. Katika Windows hubadilishwa ndani ya Task Manager, na programu ya HandBrake ina mahali pake pa kukichagua. Kwa njia hiyo mwanafunzi mwenye kompyuta moja anaweza kugeuza video usiku huku anaandika tasnifu, bila kufunga chochote.

Lakini ushauri huu ni wa kugeuza tu. Kunasa hakusubirishwi chini, kwa sababu ndege hiyo imekwisha kuruka. Vilevile kipaumbele hugawa kichakataji, hakiongezi kumbukumbu. Kumbukumbu iliyojaa haina dawa isipokuwa kufunga baadhi ya programu.

Utaratibu tunaoufuata

Tunapojiandaa kunasa, kwanza tunaiwasha kompyuta upya, ili kumbukumbu iwe safi. Tunazima intaneti. Kwa hatua hiyo moja tunanyamazisha masasisho, upakiaji wa mtandaoni na ujumbe wa kila aina. Tukiwa nje ya mtandao, tunasimamisha upekuzi wa programu ya kukinga virusi mpaka kazi iishe. Tunafunga kivinjari. Tunazuia kompyuta isilale, kwa maana mashine isiyoguswa kwa nusu saa hudhani mwenyewe ameondoka. Tunachomeka umeme, kwa sababu kompyuta mpakato nyingi hupunguza mwendo zikitumia betri. Tunaangalia nafasi kwenye diski, na tunataka iwe angalau mara mbili ya tunachotarajia kuandika. Kisha tunajaribu dakika tano kwa kanda isiyo na thamani na kusoma hesabu ya fremu zilizotupwa, ambayo programu nyingi za kunasa huionyesha. Hesabu ikiwa sifuri, ndipo tunaingiza kanda ya mwenyewe. Kanda inapocheza, hakuna anayeigusa mashine hiyo.

Faili likishapatikana, tunalinakili kwenye diski ya pili kabla ya jambo lolote. Hapo intaneti hurudi, na kinga ya virusi hurudi pamoja nayo. Sasa tunageuza, kwa kipaumbele cha chini, tukisoma kutoka diski moja na kuandika kwenye nyingine ikiwezekana, na kila mtu anaendelea na shughuli zake. Hatufuti faili la kwanza mpaka tumelitazama lililogeuzwa mwanzo, katikati na mwisho, masikio yakiwa kwenye midomo ya anayesema.

Programu tunazotumia ni za bure, na wanafunzi wenzetu wamezichangia. VLC ilianza kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996, ikatolewa kwa umma kwa leseni huria mwaka 2001. FFmpeg ilianzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, na leo imo ndani ya programu nyingi za kugeuza video. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, waandishi wa programu huria kutoka nchi nyingi hukutana hapahapa Brussels katika Chuo Kikuu cha ULB kwa mkutano wa FOSDEM, ambao hauna kiingilio. Mwanachama anayependa mambo haya asiukose akiwa karibu.

Neno kuhusu maneno

Walimu wetu hutukumbusha kwamba istilahi si pambo. Katika kazi hii tumeona jinsi neno lisilo wazi linavyochelewesha msaada. Mtu akisema “kompyuta imekufa” hatujui pa kuanzia. Kwa hiyo tumejizoeza kutenganisha maneno manne ambayo tayari tunayo.

Programu imekwama, tunasema, ikiwa haijibu lakini kipanya kinatembea. Mara nyingi inasubiri diski, na subira inaweza kuiokoa. Kompyuta imeganda ikiwa hata kipanya hakisogei. Tunashuku kumbukumbu kwanza. Programu imejifunga ikiwa imetoweka na nyingine zinaendelea. Tunaangalia kumbukumbu na ukubwa wa faili. Mashine imezimika ikiwa yote imekuwa giza. Hapo tunagusa ubavu wake kupima joto na kutazama waya wa umeme.

Neno “kumbukumbu” nalo lina mtego. Wengine huliita hivyo RAM, wengine diski. Anayesema kumbukumbu imejaa anaweza kufuta picha zake zote bila kuisaidia programu inayokosa RAM. Sisi tunasema “kumbukumbu” kwa RAM na “hifadhi” kwa diski, na tungependa kusikia kutoka kwa walimu na wanachama kama kuna njia bora zaidi.

Kwa mwanachama mwenye kanda kabatini, tunashauri aanze sasa, na aanze na ile inayochezeka vizuri, ajifunze nayo kabla ya kugusa iliyo dhaifu. Aandike juu ya kila faili majina ya wanaosema, mahali na mwaka, maana kompyuta itahifadhi sauti lakini haitajua ni ya nani. Na kama kanda yenye thamani kubwa imeota ukungu au utepe wake umekunjika, asiiingize kwenye deki ya nyumbani kabisa. Ampelekee fundi wa kanda. Kompyuta inayokwenda polepole tunaweza kuisubiri usiku kucha. Utepe uliokatika hausubiriki.